UZI: Tumbo likipigwa bila kutoboka. Kilichomo ndani, kinavyopasuka, na kwa nini mtu hutembea vizuri kabla ya kuanguka

Tabibu wa Usiku

Wakuu, habari za muda huu. Wiki iliyopita kwenye uzi wa ajali jamaa mmoja aliandika kwamba aliangukia tumbo, akajikagua, hakuona hata mchubuko, akajua kapona, akaenda kulala. Watu wakamgongea laiki. Mimi nikasema hapana, hili siliachi. Nimefanya zamu za usiku wodi ya upasuaji miaka mingi, na maneno hayohayo nimeyasikia kwa watu ambao saa mbili baadaye walikuwa mezani wamepasuliwa kuanzia chembe cha moyo hadi chini ya kitovu.

Nazungumzia tumbo lililopigwa bila kutoboka: usukani, mkanda wa gari, mpini wa baiskeli, goti uwanjani, teke, kuanguka kutoka juu. Kisu na risasi niviache, kwa sababu havimdanganyi mtu. Tundu unaliona.

Tuanze na mipaka, maana hapo ndipo wengi tunapokosea. Mwambie mtu ashike tumbo, atashika kitovu. Lakini tumbo la ndani linaanza juu sana. Kiwambo, ule msuli uliokaa kama mwavuli kati ya mapafu na viungo vya chakula, hupanda hadi karibu na usawa wa chuchu kila unapotoa pumzi yote. Kwa hiyo mbavu za chini unazoziita kifua zimefunika ini upande wa kulia, na bandama (wengine mnaita wengu) pamoja na sehemu ya juu ya mfuko wa chakula upande wa kushoto. Huku chini nako, tumbo haliishii kwenye mkanda wa suruali. Linazama hadi ndani ya mifupa ya nyonga.

Fanya hivi sasa hivi. Weka kiganja cha mkono wa kulia kwenye ubavu wako wa kushoto, juu kidogo ya pale mbavu zinapoishia, vidole vielekee mgongoni. Chini ya vidole hivyo, nyuma ya mbavu ya 9, ya 10 na ya 11, ndipo bandama lilipo. Kwa mtu mzima mwenye afya lina urefu wa sentimita 12 hivi na uzito usiofika hata robo kilo. Ndani ni kama sifongo lililolowa damu, na ganda lake ni jembamba mno. Likiwa na ukubwa wake wa kawaida huligusi, limejificha mbavuni. Ukiona linaguswa, limevimba.

Ini ni jitu kubwa, kama kilo moja na nusu, na kila dakika hupokea karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Fanyeni hesabu wenyewe ya ini lenye ufa mrefu.

Halafu kuna vyumba viwili. Tumbo limetandikwa utando laini kwa ndani, nao unakigawa kilichomo. Mbele ya utando kuna utumbo unaoteleza huku na huku, ini, bandama, mfuko wa chakula. Nyuma ya utando, zikiwa zimebanana na uti wa mgongo, kuna figo, kongosho, sehemu kubwa ya duodeni (kipande cha utumbo kinachofuata mfuko wa chakula) na mishipa mikubwa ya damu. Kiungo cha chumba cha nyuma kikiumia, mgonjwa anaweza kukuambia "mgongo tu ndio unaniuma", na ukibonyeza tumbo kwa mbele hushtuki chochote.

Naendelea, msikimbie.

Kiatu Kimoja

Nimeshaweka kambi hapa dokta. Ila swali la haraka: mpira ukinipiga chembe cha moyo pumzi inakata kabisa, nadhani nakufa. Ndiyo hayo ya kupasuka?

Tabibu wa Usiku

Hapana mkuu. Hiyo ni kiwambo kukakamaa ghafla, unakuwa kama samaki nchi kavu, kisha ndani ya dakika moja au mbili pumzi inarudi na unaona aibu. Wasiwasi ni pale pumzi inaporudi lakini maumivu yanabaki, au yanatulia halafu yanaanza upya baada ya saa kadhaa.

Sasa vinavyopasuka. Kuna njia tatu, na mara nyingi zinakuja pamoja.

Ya kwanza ni kubanwa. Mbele kuna usukani, nyuma kuna uti wa mgongo, katikati kuna wewe. Kongosho na duodeni vimelala juu ya mfupa wa mgongo kama kitambaa juu ya nundu, kwa hiyo pigo la katikati linavikata juu ya mfupa huo. Mtoto akiangukia mpini wa baiskeli ni hesabu hiyohiyo, tena kwake ni mbaya zaidi: misuli ya tumbo ni myembamba, mbavu ni laini na hazijashuka kufunika vizuri, na viungo ni vikubwa ukilinganisha na mwili. Mpini wenyewe mara nyingi unaacha alama ndogo ya duara, kama sarafu. Ukiiona alama hiyo juu ya kitovu cha mtoto, usisubiri alie.

Ya pili ni kuchanika kwa kusimama ghafla. Gari limesimama, mwili umesimama, ini na utumbo bado viko safarini. Sehemu iliyofungwa na iliyo huru zinavutana, na mchaniko unatokea pale zinapokutana: mwanzo wa utumbo mwembamba baada ya duodeni, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, na kwenye shina la mishipa ya bandama au figo.

Ya tatu ni kulipuka kwa shinikizo. Kitu chenye uwazi na kilichojaa kinabanwa, hakina pa kutolea. Kibofu ndicho mfano mzuri. Kikiwa kitupu kimejificha nyuma ya mifupa ya nyonga, ili kiumie kwa kawaida mpaka nyonga yenyewe ivunjike. Kikijaa kinapanda tumboni, na pigo moja la chini ya kitovu linaweza kupasua paa lake, mkojo ukamwagika katikati ya utumbo. Mlevi mwenye kibofu kilichojaa akianguka vibaya, hapo ndipo tunapoangalia. Hakojoi, au anakojoa damu kidogo, na tumbo linazidi kujaa. Kwa hiyo yule anayekuambia nenda haja ndogo kabla ya safari ana hoja kuliko anavyojua.

Mkanda wa gari nao niuseme kwa haki, maana kuna watu watasoma hapa waache kuufunga. Unaokoa maisha. Ila kipande cha chini kinatakiwa kilale juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo. Ukikipandisha hadi kitovuni, siku ya ajali nguvu yote inapita kwenye utumbo na mgongo. Tukimwona mgonjwa ana mstari wa damu iliyovilia kukatiza tumbo, tunaangalia utumbo kwanza, kisha tunaangalia pingili za uti wa mgongo sehemu ya kiunoni. Mama mjamzito vivyo hivyo, mkanda upite chini ya mimba, usipite juu yake. Na mjamzito aliyegongwa tumbo aende akaangaliwe hata akijisikia mzima, kwa sababu kondo linaweza kuachia.

Binti Sayari

Dada yenu nina swali. Kwa nini mtu anatembea, anapiga stori, halafu ghafla? Mimi nilimpoteza jirani hivyo hivyo. Alitoka kwenye ajali akasaidia wenzake kutoka garini.

Tabibu wa Usiku

Pole sana dada. Nikujibu kwa mgonjwa mmoja niliyemshika mimi mwenyewe.

Kijana, mchezaji wa mpira, miaka kama 19. Alikuja kwa miguu yake usiku, kavaa bado soksi za mchezo. Shida yake ilikuwa bega la kushoto. Aliketi kitandani akawa analisugua, anasema huenda limeteguka. Nikalizungusha bega, linazunguka pande zote bila shida. Nikamwambia alale chali ili nimkague vizuri. Alipolala tu, akainuka kama aliyechomwa: bega linauma zaidi akilala kuliko akikaa.

Hapo nikaacha bega nikashika mkono wake mwingine. Kiganja kilikuwa baridi na kinateleza kwa jasho, mapigo 124 kwa dakika, na kijana amekaa tu. Nikavuta kope ya chini, ndani peupe. Shinikizo la damu lilikuwa zuri kabisa. Nikamuuliza, leo uwanjani ulipigwa wapi? Akafikiri. "Goti la kipa hapa ubavuni, ila hilo lilishapoa."

Bandama lilikuwa limepasuka. Alipolala, damu iliteleza ikakusanyika chini ya kiwambo. Mshipa wa fahamu unaohudumia kiwambo unatokea shingoni, kwenye matawi yaleyale yanayohudumia ngozi ya bega, ubongo ukasoma anwani isiyo sahihi. Waganga wa upasuaji huiita dalili hiyo kwa jina la Mjerumani Hans Kehr. Ikiwa upande wa kulia, lifikirie ini.

Sasa jibu la swali lako. Mwili wa kijana unajua kuficha. Ukipoteza damu hadi lita moja na nusu hivi, mishipa ya mikono na miguu inabana, moyo unaongeza mwendo, na shinikizo linabaki palepale. Ndiyo maana shinikizo zuri halinitulizi. Kinachotangulia kubadilika ni mapigo, ubaridi wa ngozi, mkojo kupungua, mtu kuwa na wahka au kiu isiyoeleweka. Akipita hapo, akiba imekwisha, shinikizo linaporomoka kwa mkupuo. Watu huona amezidiwa ghafla, kumbe alikuwa anavuja muda wote. Tumbo nalo linaweza kubeba lita kadhaa bila kuonekana kuvimba, kwa hiyo msipime kwa macho wala kwa futi ya fundi cherehani.

Mbishi Halali

Sasa mnatisha watu. Babu yangu alipigwa teke na punda la tumbo, akakandwa maji ya moto, akapakwa mafuta, akaishi miaka 90. Kila aliyejigonga aende hospitali mtajaza vitanda.

Tabibu wa Usiku

Babu alikuwa na bahati na punda wake alikuwa na huruma. Kukanda ndiko kunakonitia hofu. Bandama lililopata ufa huziba kwa donge la damu, na donge hilo ni laini kama uji ulioganda. Unalisugua, unalibandua. Zipo kesi ambapo damu inavilia chini ya ganda, mtu anakaa siku kadhaa anajisikia vizuri, kisha ganda linaachia. Huyo kumkanda ni kumkabidhi kwa mauti.

Wala sijasema kila aliyejigonga kwenye kona ya meza. Nasema pigo lenye nguvu, au pigo la kawaida kwa mtu mwenye bandama lililovimba. Malaria ya mara kwa mara hulivimbisha, ile homa ya virusi inayovimbisha tezi za shingo kwa vijana hulivimbisha, ugonjwa wa ini hulivimbisha. Bandama la namna hiyo limeshatoka mbavuni, limetanuka, hata kuanguka kitandani kunaweza kulitosha.

Kinyonga Mzee

Si ndiyo kilichomuua Houdini, yule mwanamazingaombwe? Alipigwa ngumi za tumbo.

Tabibu wa Usiku

Umegusa penyewe. Oktoba 1926, Montreal, mwanafunzi mmoja alimpiga ngumi kadhaa za tumbo, yeye akiwa amejilaza na hajakaza misuli. Alikufa tarehe 31 Oktoba kule Detroit, kwa usaha uliosambaa tumboni baada ya kidole tumbo kupasuka. Kama ngumi ndizo zilizokipasua kidole tumbo au kilikuwa kinaumwa tayari, madaktari wamebishana hadi leo, na mimi naegemea la pili. Ninachokitazama ni siku za katikati. Alipanda jukwaani akiwa na homa ya nyuzi 40. Maumivu aliyahesabu kuwa ya ngumi, akayavumilia.

Na hilo linanipeleka kwenye viungo vyenye uwazi. Ini na bandama vikipasuka vinavuja damu, na saa chache zinatosha kukuonyesha. Utumbo ukitoboka damu inaweza kuwa kidogo tu. Kinachovuja ni uchafu. Saa za mwanzo mtu anaweza kuwa na maumivu ya wastani. Baada ya saa 6, 12, hata 24, tumbo linakuwa gumu kama ubao, kukohoa kunauma, gari likipita kwenye tuta anapiga kelele, homa inapanda.

Binti Sayari

Hospitali waliwahi kunipiga ultrasaundi wakasema safi, nikarudi nyumbani. Ina maana haitoshi?

Tabibu wa Usiku

Inategemea ilikuwa inatafuta nini. Ile ya haraka ya chumba cha dharura haitafuti jeraha, inatafuta maji yasiyostahili kuwepo. Wanaangalia sehemu nne: kati ya ini na figo ya kulia, kuzunguka bandama, nyuma ya kibofu, na kuzunguka moyo. Ukilala chali damu hukimbilia mabonde hayo. Inafaa sana kwa mgonjwa anayezidiwa, kwa sababu inafanyika hapohapo kitandani kwa dakika chache. Lakini damu ikiwa kidogo inaweza isionekane, chumba cha nyuma ya utando haikioni vizuri, na tundu dogo la utumbo halina cha kuonyesha mapema.

CT skani (mashine ya mionzi inayopiga picha za ndani vipande vipande) yenye dawa ya mshipani inaona zaidi, ila mgonjwa awe ametulia kiasi cha kusafirishwa hadi kwenye mashine. Hata hiyo inaweza kupitwa na jeraha la utumbo au la kongosho katika saa za kwanza. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mkono uleule, tumbo lilelile, kila baada ya saa chache. Kwa hiyo ukiambiwa "tunakulaza kukuangalia tu", usichukulie kwamba hawajui la kufanya.

Na dawa ya maumivu msiikatae. Zamani ilisemwa inaficha ugonjwa. Mgonjwa aliyepungua maumivu hukaguliwa vizuri zaidi, maana hakazi tumbo.

Kiatu Kimoja

Yule wa mpira aliishiaje? Walilitoa bandama?

Tabibu wa Usiku

Hapana, na hapo ndipo tiba ilipobadilika. Zamani bandama likipasuka linatolewa, basi. Watu waliliona halina kazi. Mwaka 1952 madaktari King na Shumacker wakaeleza habari za watoto wachanga waliotolewa bandama kisha wakashambuliwa na maambukizi makali ya damu. Tangu hapo heshima ikaanza kurudi. Siku hizi mtu ambaye shinikizo na mapigo yake yametulia, hata ufa uwe mkubwa kiasi, hulazwa, hulala, hupimwa damu mara kwa mara, na pengine mshipa unaovuja huzibwa kwa mrija unaopitishwa kutokea kinena. Ini nalo vivyo hivyo, mengi hupona bila kisu. Anayeporomoka licha ya kuongezewa damu ndiye anayeingia meza haraka.

Kijana wetu aliongezewa chupa mbili, mapigo yakashuka, akalazwa akikodolewa macho. Alikasirika zaidi alipoambiwa hakuna mpira hadi miezi mitatu ipite. Wanaotolewa bandama hupewa chanjo za nimonia na za homa ya uti wa mgongo, na huambiwa kila homa ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo.

Mama Watatu

Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote mikono inatetemeka. Mwanangu wa miaka 7 alianguka na baiskeli juzi jioni, mpini ukamwingia tumboni. Alilia kidogo akaacha. Jana alikula vizuri mchana. Leo tangu alfajiri anatapika, matapishi ni ya kijani. Juu ya kitovu kuna kiduara cha bluu. Hana homa. Nimpe nini?

Tabibu wa Usiku

Mama, usimpe kitu. Si chakula, si maji, si dawa ya kutapika. Mbebe sasa hivi mpeleke hospitali yenye daktari wa upasuaji, na ukifika neno la kwanza liwe "mpini wa baiskeli, siku mbili zilizopita, anatapika kijani". Usianze na kutapika, watakuweka foleni ya matumbo ya kuharisha. Njiani alale anavyopenda mwenyewe, wengi hukunja magoti. Usimbonyeze. Kijani ni nyongo, maana yake njia imeziba chini ya pale nyongo inapoingilia.

Binti Sayari

Ee Mungu. Mama Watatu utupe mrejesho tafadhali.

Mbishi Halali

Naungana na hilo. Nimefuta comment ya mafuta.

Mama Watatu

Wapendwa, ni siku ya tano leo. Wamesema damu imevilia ndani ya ukuta wa duodeni, uvimbe ukaziba njia. Kongosho wameipima mara mbili, ipo salama. Hakupasuliwa. Wamemwekea mrija wa puani wa kunyonya, analishwa kwa mshipa, wanasema uvimbe hunyonywa na mwili wenyewe na inaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Daktari alikiangalia kile kiduara muda mrefu kuliko alivyoangalia makaratasi. Tabibu, Mungu akuzidishie. Mgonjwa mwenyewe ananiuliza baiskeli yake iko wapi.

Tabibu wa Usiku

Alhamdulillahi. Mwambie baiskeli inamsubiri. Na wewe nenda ukauangalie mwisho wa ule mpini. Nina hakika mpira wake umetoka, limebaki bomba tupu.

Mama Watatu

Nimetoka kuuangalia. Umetoka pande zote mbili.